Kulinda jenereta ndogo safarini na kambini: mwongozo kamili

Jenereta ndogo ya safari ina mambo matatu ambayo mwizi angeyaomba kwenye dua: inabebeka, inauzika upesi, na inanguruma usiku kucha kutangaza ilipo. Honda EU22i ina uzito wa kilo 21 hivi tangi likiwa tupu, haifiki hata nusu ya mfuko wa saruji, tena ina mpini juu kama sanduku la nguo. Zile ndogo za 950, za kuchanganya petroli na oili, ni nyepesi zaidi. Mtu mmoja anainyanyua, anapotelea kwenye mahindi, na kesho yake iko kwenye kibanda cha kuchaji simu kijiji cha tatu, inafanya kazi na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Mwongozo huu ni wa wanaopiga kambi na familia Mikumi, Naivasha au pembezoni mwa Ziwa Natron. Ni wa wale pia ambao jenereta ndiyo ofisi: wapiga picha za harusi za vijijini, wenye muziki wa kukodisha, wahubiri wa mikutano ya nje, mafundi wanaofuata kazi ya kuchomelea mahali umeme haujafika. Hawa wa pili wanaibiwa kwa namna ambazo mpiga kambi hazijui, na nitawarudia.

Neno moja kabla ya kufuli na minyororo. Mwizi wa jenereta anaisoma ratiba yako kwanza. Anasikia saa unayoiwasha, anaona taa za hema zinazimwa lini, anajua kwamba mngurumo ukiendelea baada ya saa tano usiku, wenyewe wamelala. Ukiibadilisha ratiba hiyo, nusu ya kazi ya ulinzi imekwisha na hujatumia hata shilingi.

Inapoibiwa hasa

Ziko nyakati nne. Ya kwanza inajulikana: jenereta iko nje inawaka, wenyewe ndani wamesinzia. Ya pili ni nusu saa baada ya kuzimwa, ikiwa imeachwa ipoe. Kila mtu ana shughuli yake, na kwa kuwa imenyamaza hakuna anayeikumbuka. Ya tatu ni barabarani, pikapu imesimama mbele ya hoteli Korogwe au Mtito Andei, mzigo uko nyuma chini ya turubai na watu wote wamekwenda kunawa mikono.

Ya nne ndiyo inayowaumiza wenye kazi za sherehe. Ngoma imekwisha, saa nane usiku, wageni wanatawanyika, na vijana wasiojulikana wanajitokeza kusaidia kubeba vyombo. Mmoja anabeba spika hadi kwenye gari lako. Wa pili anabeba stendi za taa. Wa tatu anabeba jenereta, naye haendi upande wa gari. Hapo hapajavunjwa kufuli wala kukatwa mnyororo. Umeibiwa huku unasema asante. Dawa yake ni utaratibu: jenereta inazimwa ya mwisho lakini inafungwa mnyororo muda ule ule inapozimwa, na anayeibeba ni mtu mmoja aliyetajwa kwa jina tangu mchana. Wengine wote, hata wakiwa shemeji wa bwana harusi, wanabeba viti.

Kabla hujatoka nyumbani

Tafuta namba ya mashine. Nyingi zina mbili: moja kwenye kibati cha fremu au bodi, nyingine imegongwa kwenye bloku ya injini yenyewe. Kibati hung'olewa kwa bisibisi. Namba ya bloku inahitaji kusagwa, na ikisagwa inaacha kovu. Zipige picha zote mbili kwa karibu, kisha piga picha za mashine nzima pande zote, na uvute karibu alama ambazo ni zake peke yake: mkwaruzo karibu na ekzosti, boliti uliyobadilisha, kifuniko cha plastiki kilichochubuka. Picha hizo zitume kwa mwenza wako au kwa barua pepe yako mwenyewe, maana simu nayo inaweza kuibwa usiku huo huo.

Risiti. Wengi wanaitunza kwenye bahasha kisha siku ya shida wanatoa karatasi nyeupe. Risiti za mashine za EFD, zile za kodi, huchapwa kwenye karatasi ya joto, na joto la kabati au la dashibodi ya gari linatosha kuyafuta maandishi yote. Ipige picha siku ile ile uliyonunua, kisha toa nakala ya kawaida. Kama uliinunua mkononi kwa mtu, andikishianeni sasa hivi japo karatasi moja yenye majina, namba za mashine na saini ya shahidi. Mashine isiyo na karatasi, ikipatikana kwa mtu mwingine, ni neno lako dhidi ya lake.

Halafu ichonge. Dar es Salaam kuna mafundi wanaochonga namba ya gari kwenye taa na saiti mira ili wezi wasipate wa kuwauzia. Fundi huyo huyo anaweza kuchonga jina lako au namba ya simu kwenye plastiki ya jenereta, na kwenye chuma anatumia panchi za herufi na nyundo. Chonga mahali pawili: pa kwanza paonekane kutoka mbali, pa pili pajifiche, kwa mfano chini ya tangi au ndani ya mfuniko wa chujio la hewa. Ile ya kuonekana inamfukuza mnunuzi. Ile iliyojificha inakusaidia kituoni.

Rangi nayo inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jenereta nyekundu ni moja kati ya maelfu. Jenereta yenye mistari ya njano na bluu iliyopakwa kwa brashi, na jina la bendi limeandikwa ubavuni kwa herufi za kiganja kizima, inatambulika hata ikipita nyuma ya bodaboda. Inapunguza bei siku utakapoiuza, kweli. Inampunguzia mwizi bei zaidi. Usipake tu kwenye mapezi ya kupozea injini wala karibu na ekzosti.

Ratiba: washa kidogo, zima mapema

Kambini umeme unatakiwa kwa vitu gani? Simu, taa, labda friji ndogo, labda kompyuta. Hakuna hata kimoja kinachohitaji jenereta iungurume usiku. Nunua betri kubwa ya kubebeka yenye inveta, au tumia betri ya pili ya gari kama gari lako limefungwa mfumo huo, kisha washa jenereta mchana, kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, wakati watu wapo macho na wanazunguka. Ijaze betri. Zima saa kumi na moja jioni, iache ipoe huku unaiona, na jua likizama iwe imeshafungiwa. Usiku unatumia betri, kambi imetulia, na mtu aliyepita mchana akasikia mngurumo akirudi usiku hana cha kufuata.

Faida nyingine ni kwamba majirani wa kambi watakupenda. Hata jenereta ya inveta inayosifiwa kwa ukimya inasikika mbali porini usiku, ambako hakuna sauti nyingine ila fisi na nyenje. Kambi nyingi zina saa zake za jenereta na nyingine hazitaki kabisa. Uliza getini kabla ya kulipa.

Kwenye sherehe au mkutano huwezi kuzima saa kumi na moja. Huko kuna mtu wa jenereta, na kazi yake ni hiyo tu: mafuta, oili, na kuitazama. Kijana huyu asitumwe soda. Akitumwa soda, jenereta haina mtu.

Hewa kwanza, kufuli baadaye

Hapa ndipo watu wanapoua familia zao wakidhani wanalinda mali. Usalama dhidi ya wizi unasema ilete karibu. Moshi wa ekzosti unasema ipeleke mbali. Ukibishana na moshi utashindwa, kwa sababu ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haikohoi wala haamki. Anakutwa asubuhi.

Kwa hiyo hakuna jenereta inayowaka ndani ya hema, ndani ya varanda ya hema, ndani ya gari hata kama milango iko wazi, chini ya gari, kwenye korido ya gesti, wala kwenye banda lenye kuta tatu. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, inashauri iwekwe futi 20 au zaidi kutoka nyumba, yaani mita 6 hivi, na ekzosti iangalie upande usio na watu. Kambini mimi ningesema mita 10, na upande ambao upepo unatokea kwako kwenda kwake. Upepo ukigeuka usiku, na ufukweni hugeuka karibu kila siku, hesabu yako imeharibika. Ni sababu nyingine ya kuizima kabla ya kulala.

Mita 10 maana yake ni waya. Chukua ekstensheni ya shaba ya milimita 2.5 mraba, yenye ganda la mpira, ndefu ya kutosha kuzunguka vitu badala ya kunyooka katikati ya njia. Waya mwembamba wa kuchajia redio utapata moto na vifaa vyako vitapokea umeme pungufu.

Mnyororo, kufuli na mahali pa kufunga

Mwenye muda, giza na grainda ya betri atakata mnyororo wowote unaouzwa. Kazi ya mnyororo ni kumnyima vifaa vya kimya. Mnyororo wa kawaida wa dukani, wa milimita 6 au 8, unakatwa na mkasi wa nondo kwa mkupuo mmoja, tik, na hakuna anayeamka. Mnyororo wa chuma kilichokomazwa, kuanzia milimita 10, unausumbua mkasi mdogo, na wa milimita 13 unamlazimisha alete mkasi mkubwa sana au awashe grainda. Grainda saa nane usiku inaamsha kambi nzima.

Utajuaje kama kimekomazwa kweli? Nenda dukani ukiwa na tupa ya kunolea. Sugua pembeni mwa pete moja. Chuma laini kinashikwa na tupa na kuacha mfereji unaong'aa. Kilichokomazwa kinaiteleza tupa kama kioo. Muuzaji akikataa usijaribu, umeshajibiwa. Waya wa chuma uliovikwa plastiki, ule wa kufungia baiskeli, unafaa kufungia dumu la maji.

Kufuli ndilo linaloonewa siku zote: mtu ananunua mnyororo wa maana kisha anaufunga kwa kufuli la kabati. Tafuta kufuli ambalo utambo wake, ule upinde wa chuma, haujitokezi, ama la mviringo kama sahani au lile lenye mabega yanayoufunika utambo, ili meno ya mkasi yasipate pa kuuma. Makufuli yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya EN 12320 huandikwa daraja kuanzia 1 hadi 6. La 4 linatosha kazi hii. Funguo mbili ziwe kwa watu wawili.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko bei. Mnyororo usilale chini. Ukilala chini, mwizi anasimamisha mkono mmoja wa mkasi ardhini, anaukanyaga ule mwingine kwa uzito wake wote, na unakatika. Uvute uwe mfupi, umebana, uko juu hewani, na kufuli linatazama chini au limejificha nyuma ya mashine. Nafasi ndogo ndiyo ulinzi.

Unapita wapi kwenye jenereta? Kwenye mashine za fremu ya bomba, usiupitishe kwenye bomba la juu peke yake. Bomba hilo ni jembamba na msumeno wa chuma unalimaliza haraka. Upitishe kwenye fremu kisha uuzungushe chini ya injini pale ilipofungwa na boliti, ili kuutoa ilazimu kuivunja mashine. Kwenye za inveta zenye bodi ya plastiki kama EU22i, mpini ni plastiki, na mnyororo uliopita kwenye mpini unafunga mpini tu. Huko nje kuna vyuma vinavyouzwa vya kupita ndani ya mpini na kuufanya uwe wa chuma. Kama huvipati, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kizimba cha chuma cha engo: fremu ya chini, nguzo nne, na mfuniko wa nondo unaofungwa kwa kufuli, jenereta ikikaa ndani. Lakini kiwe kizimba cha nondo, kisiwe sanduku la bati. Injini hii inapozwa kwa hewa. Ukiifungia kwenye bati itapata joto, itavuta moshi wake yenyewe, na huenda ikazimika au ikawaka moto. Upande wa ekzosti uache wazi kabisa.

Na kitu cha kufungia? Chesisi ya gari, au chuma cha kuvutia tela, ndiyo bora. Matundu ya rimu ya chuma yanafaa, ila tundika kitambaa chekundu kwenye usukani ukumbuke asubuhi. Keria ya juu haifai, imeshikwa na boliti unazozifungua kwa spana ya kumi. Mti? Mti wa unene wa paja unakatwa kwa panga, na hifadhini utapata kesi na askari wa wanyamapori kwa kuuchubua. Vigingi vya kuskrubu ardhini vinashika kwenye udongo wa mfinyanzi. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Diani vinang'oka kama mhogo.

Jenereta kubwa zenye magurudumu, za kilo 80 na kuendelea, watu huzidharau kwa kuwa ni nzito. Lakini magurudumu na mikono yake ni msaada kwa mwizi kama ulivyo kwako. Ukishaiweka mahali pake, ng'oa gurudumu moja uliweke garini.

Kuizima isiwake

Ukifika kambini kwa siku kadhaa, chomoa plagi ya injini, ile inayotoa cheche, uiweke mfukoni, uzibe tundu kwa kitambaa safi. Ni dakika mbili kwa spana ya plagi. Haizuii kuibwa, ila mwizi mwenye mnunuzi anayetaka kuisikia ikinguruma atakwama. Hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu plagi inauzwa kila duka la bodaboda. Usiitegemee.

King'ora cha rilei

Hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote, na fundi umeme wa mtaani anakitengeneza mchana mmoja. Wazo ni kuwa umeme wenyewe ndio mlinzi. Ukizimika ghafla, kitu kipige kelele.

Vinatakiwa: rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye koili ya volti 230, betri ndogo ya volti 12, king'ora cha volti 12 kama vya magari, swichi, na kisanduku cha plastiki. Koili ya rilei inaunganishwa kwenye plagi ya ukutani inayochomekwa mwisho wa ekstensheni, ndani ya hema au ndani ya gari. Jenereta ikiwaka, koili inavuta, na ile kontakti iliyofungwa wakati rilei imelala inafunguka. Betri na king'ora vinapita kwenye kontakti hiyo. Kwa hiyo umeme ukiwepo, kimya. Mtu akizima jenereta, akichomoa waya au akiukata, koili inaachia, kontakti inafunga, betri inapeleka umeme kwenye king'ora, na kambi inajua.

Uzuri wake ni kwamba hakidanganywi na sauti. Mtu anaweza kuacha mashine nyingine inanguruma ukadhani ni yako. King'ora hakisikilizi mngurumo, kinafuata waya. Ubaya ni kwamba mafuta yakiisha saa tisa usiku kitakuamsha vilevile. Swichi ni ya kukinyamazisha unapozima mwenyewe. Na upande wa volti 230 ufungwe na anayejua, ndani ya kisanduku, si kwa mkanda wa gundi.

Makufuli yenye king'ora cha kutikisika yapo pia, nayo yanasaidia jenereta ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka hayafai, kwani mtetemo wa injini utayafanya yalie hadi betri ziishe.

Vifuatiliaji

AirTag, tagi ndogo ya kufuatilia ya kampuni ya Apple, na ndugu zake havina GPS ndani. Vinatoa mawimbi ya bluetooth yanayodakwa na simu za watu wanaopita, na simu hizo ndizo zinazokutumia mahali. AirTag inategemea iPhone. Masaki ya Dar es Salaam au Westlands ya Nairobi iPhone zimejaa, lakini kijiji ambacho kila mkono una Tecno au Itel, AirTag yako imekufa ikiwa hai. Tagi za mtandao wa Google, ulioanza Aprili 2024, zinategemea simu za Android, ambazo kwetu ndizo nyingi. Chagua hizo. Jua pia kwamba tagi hizi zimeundwa kuwaonya watu wanaofuatiliwa bila kujua, kwa hiyo mwizi mwenye simu janja anaweza kupata taarifa kwamba ana tagi isiyo yake.

Kifuatiliaji chenye laini ya simu, kama wanavyofunga kwenye bodaboda, kina nguvu zaidi: kinatuma mahali kilipo popote penye mtandao. Kinahitaji umeme. Jenereta yenye kuwashwa kwa ufunguo ina betri ya volti 12, fundi atakiunganisha hapo. Ya kuvuta kamba haina, kwa hiyo utatafuta chenye betri yake na kukumbuka kukichaji, na kukumbuka kulipia bando la laini, jambo ambalo watu wengi huligundua siku ya wizi.

Usikifiche kwenye boksi la chujio la hewa. Injini inahitaji nafasi hiyo. Usikiweke karibu na ekzosti. AirTag imepimwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 60, na upande wa ekzosti hupita hapo. Usikizungushie chuma pande zote, mawimbi hayatatoka. Chini ya bodi ya plastiki, upande wa kamba ya kuvutia, kimebandikwa kwa silikoni, ni mahali pazuri.

Barabarani, kwenye basi na gesti

Kabla ya kuipakia, funga koki ya mafuta injini ikiwa inawaka na uiache izime yenyewe, kabureta imekauka. Iache ipoe. Kama mfuniko wa tangi una kiswichi cha hewa juu yake, kigeuze kifunge. Isimame wima siku zote, ukiilaza ubavu oili inapanda kwenye silinda na kwenye chujio. Kama inasafiri ndani ya gari mnamokaa watu, tangi liwe tupu kabisa.

Kwenye pikapu, iweke karibu na kabini, si mlangoni, na ufunge mnyororo kwenye pete za bodi kabla ya kutandika turubai. Juu yake weka kitu cha hovyo: gunia la mkaa, magodoro. Mkisimama kula, mmoja anakula baadaye. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwenye basi, mweleze konda mapema, onyesha tangi tupu, lipia mzigo na udai stakabadhi iliyoandikwa jenereta, si "mzigo 1". Itie kwenye gunia au boksi lisiloonyesha umbo. Omba iingie buti la ndani kabisa, ukae upande ule ule wa buti, na basi likishusha watu njiani usiku, shuka nawe utazame kinachotoka. Makondakta watakuona msumbufu. Vumilia.

Gesti, ibebe uingie nayo chumbani ikiwa imepoa na haina mafuta, au iweke stoo ya mapokezi mbele ya mtu atakayekuandikia. Uani gizani, hata kama kuna ukuta wenye chupa juu, hapana.

Mlinzi na wenyeji

Hifadhini, ambako mageti hufungwa jioni, hatari ya mtu wa nje ni ndogo. Fisi anayetafuna waya wa ekstensheni ni shida ya kweli zaidi. Ni kambi za nje ya hifadhi, kando ya ziwa au barabara, ndizo zinazotaka mtu.

Usiokote mlinzi mwenyewe njiani. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mwenye eneo, msalimie, mwambie mnalala siku ngapi, naye ndiye akupe mtu. Mlinzi aliyeletwa na mwenyekiti ana jina la kulinda. Patana bei mchana, lipa nusu jioni na nusu asubuhi, mpe tochi na chai. Usimtajie bei ya mashine wala usiitembeze mbele ya vijana ukieleza inavyofanya kazi. Na kama mnachaji simu zenu, wachajie simu na wao wawili watatu. Boma ambalo simu zake zinachajiwa kwako lina sababu ya kuulizana nani kapita usiku.

Ikishaibwa

Usikimbie gizani ukipiga ukunga wa "mwizi!" Kwetu neno hilo likitoka kinywani hulirudishi. Wananchi wenye hasira hawaombi ushahidi, na anayeshikwa wa kwanza ni yule aliyekuwa njiani, huenda mlevi anayerudi kwake. Jenereta haina thamani ya mtu. Amsha mlinzi, amsha wenzako, washa taa za gari, mfuateni mwenyekiti.

Asubuhi nenda kituo cha polisi na zile picha na risiti. Tanzania udai namba ya RB, Kenya namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na baadaye abstract, karatasi ya polisi ya kuthibitisha taarifa hiyo, kwa ajili ya bima. Hakikisha namba ya injini imeandikwa kwenye taarifa. "Jenereta nyekundu moja" haisaidii. Kisha zungukia mafundi wa jenereta na vibanda vya kuchaji simu vya eneo hilo, uwaachie picha na namba yako ya simu. Waambie kwa heshima, si kwa kuwashuku. Fundi ndiye mtu wa kwanza kuletewa mashine ambayo mwenye nayo mpya hajui kuiwasha.

Ukiiona inauzwa mtandaoni, piga picha tangazo lote na wasifu wa muuzaji, jifanye mnunuzi kwa maneno machache, halafu nenda na polisi. Usiende peke yako, na usikubali kuikomboa kwa pesa.

Ikipatikana huenda isirudi kwako siku hiyo. Inakuwa kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, inakaa kituoni hadi kesi isikilizwe, na kesi ina miezi yake. Omba mpelelezi aulize kama inaweza kupigwa picha na kukabidhiwa kwako kwa maandishi. Akikataa, omba jambo dogo: akuruhusu mbele yake kumwaga petroli ya kwenye tangi na kwenye kabureta. Petroli ikikaa miezi kabureta inaganda, na utapewa mashine yako isiyowaka.